Daktari mmoja anasema mionzi sasa, mwingine anasema tusubiri

Barua

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu, nina miaka 33, nimeolewa na bado hatujajaliwa mtoto. Nakuandikia kwa sababu kila ninayezungumza naye nyumbani huwa na jibu tayari kabla sijamaliza kueleza. Nataka mtu anisikilize hadi mwisho.

Yalianza na macho. Nilikuwa nasahihisha madaftari nikaona mistari inapandana. Nikitazama mbele au kulia, hakuna tatizo. Nikitazama kushoto, kila kitu kinakuwa viwili, na nikifumba jicho moja kinarudi kuwa kimoja. Nilibadilishiwa miwani, nikaambiwa ni uchovu, baadaye nikaambiwa ni kipandauso kwa sababu nilikuwa na maumivu nyuma ya jicho la kushoto. Nikazoea kugeuza shingo badala ya macho, hadi wanafunzi wakadhani nina maringo. Aliyegundua ni daktari wa macho, kijana tu, aliyeniambia nifuate kidole chake. Akaona jicho la kushoto haliendi kwa nje. Akasema hili si la miwani, kapige MRI.

Picha zikaonyesha uvimbe kwenye sakafu ya fuvu, upande wa kushoto, ndani kabisa nyuma ya pua. Nilifanyiwa upasuaji kupitia puani, kwa kamera nyembamba. Uso wangu hauna hata kovu, na jicho limeanza kurudi ingawa bado si lote. Watu wakiniona wanasema nimepona.

Majibu ya kwanza ya maabara yalisema ni kodoma, uvimbe adimu na mkali wa mifupa. Nilikesha nikisoma habari zake na asubuhi sikuweza kwenda kazini. Daktari aliyenipasua hakuridhika na majibu yale, akaomba vile vipande vitazamwe na mwanapatholojia mwingine aliyezoea uvimbe wa mifupa. Huyo akasema si kodoma, ni kondrosakoma, saratani ya gegedu, daraja la 1. Daktari akaniambia hiyo ni habari njema. Mimi nilisikia neno saratani, na ule wema wake sikuuona.

Sasa shida yenyewe. Uvimbe haukutoka wote. Kuna kipande chembamba kimeng'ang'ania mshipa mkubwa wa damu unaopanda kwenda kwenye ubongo, naye daktari aliyenipasua akakiacha. Anasema tukae tukiangalia, nipige MRI kila baada ya miezi 6, tukiona kinakua tutachukua hatua. Akanipeleka kwa daktari wa mionzi ili nisikie upande wa pili, na huyo akasema kinyume kabisa: tusingoje, tuanze mionzi mapema, na kama inawezekana iwe ya protoni, ambayo itabidi niifuate mbali na kwangu kwa karibu miezi miwili. Wote wawili ni wapole, wote wawili wanajiamini. Lazima mmoja wao anakosea, na sijui ni yupi.

Mume wangu ameshaamua. Anataka mionzi, tena juzi. Anampigia daktari simu mimi nikiwa darasani, kisha jioni ananiletea taarifa kana kwamba mgonjwa ni yeye. Ameanza kutafuta pesa bila kuniuliza. Nikimtajia mtoto anasema, "Mtoto tutapata baadaye, kwanza wewe." Lakini nimesikia kwamba mionzi ya kichwa inaua uzazi. Baadaye ipi hiyo? Nataka nizae kwanza, halafu wanifanye watakavyo.

Mama yangu mzazi anasema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Mama mkwe hajui lolote. Tulimwambia nimefanyiwa upasuaji wa sainasi, na kila tukionana anatazama tumbo langu kabla ya kunitazama usoni. Nina shangazi aliyewahi kuugua saratani na kutundikiwa dripu za kemo, naye anashangaa kwa nini mimi sipewi. Anasema labda madaktari wananificha kwamba wamekata tamaa.

Nimwamini nani? Nina haki ya kupata mtoto kwanza? Na nimwambieje mume wangu kwamba kichwa hiki ni changu, bila kumvunja moyo?

Ninayeona Viwili

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma hadi mwisho, kisha nikarudia.

Umeniuliza umwamini nani, lakini barua yako ina mengi zaidi ya hilo. Kuna ugonjwa ambao umebadilishwa jina mkononi mwako ndani ya muda mfupi. Kuna kipande kilichobaki. Kuna mtoto unayemtaka. Na kuna mume anayekupenda kwa namna inayokunyang'anya usukani. Mambo haya yamesukwa pamoja kiasi kwamba ukivuta moja mengine yanakaza, na pengine ndiyo sababu kila anayekujibu haraka nyumbani anakuongezea mzigo. Mimi sijaziona picha zako wala si daktari wako, kwa hiyo sitakuchagulia. Ninachoweza ni kuyafumua haya polepole pamoja nawe.

Tuanze na majibu ya maabara, maana hapo ndipo nisingependa uharakishwe. Kodoma na kondrosakoma hukaa jirani kwenye sakafu ya fuvu, na zote mbili hung'aa kwenye aina ile ya picha za MRI inayoonyesha majimaji, hata macho ya mtaalamu huweza kudanganyika. Asili zao ni tofauti. Kodoma hutokana na masalia ya notokodi, ule uzi wa kijusi ambao uti wa mgongo hujengeka kuuzunguka, ndiyo maana hupenda kuota katikati kabisa. Kondrosakoma ni ya gegedu. Mifupa ya sakafu ya fuvu huanza ikiwa gegedu kabla ya kugeuka mfupa, na kwa kawaida uvimbe huu huota pembeni kidogo, pale mfupa unaobeba sikio la ndani unapokutana na mfupa wa katikati. Wako uko kushoto. Hilo peke yake halithibitishi kitu, ila linaelekea upande wa majibu ya pili.

Kinachoamua ni vipande vyenyewe chini ya darubini, na vipimo vya rangi vinavyotafuta protini maalumu. Kodoma huonyesha keratini na protini iitwayo brakiyuri. Kondrosakoma ya kawaida haionyeshi. Tena karibu nusu ya kondrosakoma za kawaida huwa na mabadiliko kwenye jeni za IDH1 au IDH2, jambo ambalo husaidia likipatikana. Muulize daktari wako, bila aibu: je, brakiyuri ilipimwa kwenye vipande vyangu, na ilitoka vipi? Hilo si swali la kumkosea mtu adabu. Mwaka 1999 madaktari wa Boston walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 200 wenye kondrosakoma ya sakafu ya fuvu, na asilimia 37 kati yao walikuwa wameambiwa mwanzoni kwamba wana kodoma. Kwa hiyo lililokupata halikuwa mkosi wa peke yako. Daktari wako alipokataa kuridhika na karatasi ya kwanza alikufanyia jambo kubwa, hata kama wakati ule liliongeza tu siku za kungoja.

Nikuulize na jambo ambalo hukuliandika. Je, tangu utotoni una vinundu kwenye mifupa ya vidole, au mkono au mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, au madoa ya zambarau yaliyovimba kwenye ngozi? Kuna hali mbili adimu, ugonjwa wa Ollier na ule wa Maffucci, ambazo huotesha uvimbe wa gegedu sehemu nyingi mwilini na zinahusiana na jeni zile zile. Wengi wenye uvimbe kama wako hawana hali hizi. Ukiwa nazo, mwambie daktari, kwa sababu ufuatiliaji wako utapanuka zaidi ya kichwa.

Sasa hilo neno saratani. Ni saratani, sitakuficha. Lakini daraja la 1 maana yake ni seli zinazofanana sana na gegedu la kawaida na zinazojigawa taratibu, na ni nadra kwa daraja hili kusambaa kwenda sehemu nyingine za mwili. Uvimbe wa aina hii ukiota kwenye mfupa wa mkono au mguu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 hauuiti hata kondrosakoma. Unaupa jina la upole zaidi. Ukiota kwenye fuvu jina kali linabaki, kwa sababu hatari iko mahali ulipo: neva za macho, uso, masikio na ulimi zinapita hapo, ateri ya karotidi, ule mshipa mkubwa wa damu unaopanda kwenda kwenye ubongo, iko hapo, na shina la ubongo liko nyuma yake tu. Ile neva ya sita inayosukuma jicho kwenda nje hupenya kijitundu chembamba juu ya mfupa huo huo. Ndiyo maana jicho lako lilisema kabla ya kiungo kingine chochote.

Shangazi yako usimlaumu. Kwake yeye saratani na kemo havitenganishwi, maana ndivyo alivyouonja ugonjwa huo. Lakini kondrosakoma ya kawaida haisikii kemo vizuri. Seli zake hujigawa polepole, zimefunikwa na ute mzito wa gegedu, na damu inayofika humo ni kidogo. Kutokupewa dripu hakumaanishi kwamba kuna mtu amekata tamaa.

Unasema pia, bila kulitamka waziwazi, kwamba kama kile kilichobaki kingekuwa si kitu, daktari asingekiacha, na kama ni kitu, kwa nini alikiacha? Nadhani swali hili ndilo linalokunyima usingizi kuliko yote. Kukwangua gegedu kwenye ukuta wa karotidi ni kama kubandua karatasi ya gundi kwenye puto lililojaa. Ateri hiyo ikipasuka mgonjwa anaweza kupata kiharusi au kufia mezani. Timu zenye uzoefu mkubwa wa upasuaji huu huacha kipande makusudi na kuandika kwamba zimeondoa kadiri ilivyokuwa salama. Muombe akuonyeshe kwenye picha kilipo, kina ukubwa gani, na kiko umbali gani kutoka shina la ubongo. Muulize pia ile picha ilipigwa lini. MRI ya mapema sana baada ya upasuaji huchanganya kovu, damu iliyoganda na uvimbe wenyewe, na wakati mwingine kilichohesabiwa kuwa "kimebaki" hupungua miezi michache baadaye bila ya kuguswa.

Sasa wale madaktari wawili. Umeandika kwamba lazima mmoja anakosea. Je, ni lazima? Huenda wote wanaona kitu kile kile na kila mmoja anaogopa jambo tofauti. Wa upasuaji anaogopa kukupa leo madhara ya mionzi kwa ajili ya kipande ambacho kinaweza kukaa kimya miaka mingi, ukiwa na umri wa miaka 33 na maisha marefu mbele ya kuishi na madhara hayo. Wa mionzi anaogopa kwamba kipande hicho kikija kuamka kitakuwa kimesogea mahali ambapo hawezi tena kupiga dozi ya kutosha. Wataalamu wa ugonjwa huu wenyewe hawajaafikiana kuhusu mgonjwa wa daraja la 1 ambaye uvimbe umetolewa karibu wote: apigwe mionzi mapema, au ingoje hadi kitu kisogee? Kwa hiyo hujachanganyikiwa kwa kukosa akili. Umesimama mahali ambapo sayansi yenyewe bado inabishana.

Wale wagonjwa 200 niliowataja walifanyiwa upasuaji kisha wakapata mionzi ya dozi kubwa yenye protoni ndani yake, na baada ya miaka 10 uvimbe ulikuwa umedhibitiwa kwa asilimia 98. Hiyo ni takwimu nzuri mno, na daktari wa mionzi ana haki ya kuiegemea. Ila ni takwimu ya waliopigwa mionzi. Haituambii wangekuwaje kama wangesubiri, na hapo ndipo upande wa pili unapopata nafasi ya kusema. Mtu akikutajia asilimia, muulize kwanza ni ya watu gani.

Nikueleze kidogo kuhusu mionzi yenyewe, kwa sababu naona imekaa akilini mwako kama moto unaopita mwili mzima. Uvimbe huu unahitaji dozi ya karibu grei 70 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki saba. Shina la ubongo haliwezi kuvumilia dozi hiyo, na liko milimita chache tu nyuma. Hapo ndipo protoni zinapopendekezwa: husafiri hadi kina kilichopangwa, humwaga sehemu kubwa ya nguvu zake mwishoni, kisha husimama, tofauti na eksirei ambazo hutoboa na kutokea upande wa pili. Mwanafizikia Robert Wilson alilipendekeza wazo hili mwaka 1946. Hata hivyo protoni si njia pekee. Eksirei za kisasa zenye kulenga kwa usahihi hutumika pale protoni hazifikiki, na kwa kipande kidogo kuna mionzi ya kulenga ya kikao kimoja au vichache, kwa mashine kama Gamma Knife, iwapo kipande hakijagusa shina la ubongo wala neva ya kuonea. Barua yako haikusema kama hili lilijadiliwa. Kabla mume wako hajaendelea kutafuta pesa za safari, mngeuliza kwa kipande chenye ukubwa wa chako, pale kilipo, protoni zinaongeza nini hasa juu ya njia nyingine. Huenda zinaongeza mengi. Lijue kwanza.

Madhara yapo. Uchovu wa wiki zile na nywele kudondoka pale mionzi inapopenya huja na kuondoka. Yanayonipa wasiwasi zaidi ni yale ya baadaye: usikivu wa sikio la upande ule kufifia, tishu ya ubongo iliyo jirani kuharibika, na kwa nadra saratani nyingine kujitokeza miaka mingi mbele. Na kuna tezi ya pituitari, ambayo inatupeleka kwa mtoto.

Uliambiwa mionzi ya kichwa inaua uzazi. Mayai yako yako mbali sana na mionzi hiyo, na kinachofika huko ni kidogo mno. Kinachoweza kuguswa ni pituitari, tezi iliyokaa juu tu ya mfupa ule, nayo ndiyo inayoziamuru ovari zipevushe mayai. Ikipata dozi kubwa inaweza kudhoofika, mara nyingi polepole, baada ya miaka. Ikitokea, homoni zinazokosekana hurudishwa kwa dawa, na wanawake wenye upungufu huo husaidiwa kushika mimba kwa sindano za homoni. Si njia rahisi, lakini si mlango uliofungwa. Kwa hiyo, ukichagua lolote kati ya haya mawili, omba homoni zako zipimwe sasa, kabla ya lolote, ili siku za mbele mjue mlianzia wapi. Na muulize daktari wa mionzi pituitari itapata dozi kiasi gani kwenye mpango wake. Ana kompyuta inayomwonyesha hilo.

Kuzaa kwanza nako kuna pande mbili. Kwa upande mmoja, uvimbe wa daraja la 1 kwa kawaida huenda polepole, na miezi ya ujauzito inaweza kupita bila jambo. MRI inaweza kupigwa ukiwa mjamzito bila ile dawa ya kung'arisha inayodungwa kwenye mshipa, na kwa bahati uvimbe wa gegedu huonekana vizuri hata bila dawa hiyo. Kwa upande mwingine, mimba inakufungia baadhi ya njia kwa muda. Kipande kikisogea ukiwa na mimba ya miezi mitano, madaktari watapendelea kuahirisha mionzi hadi ujifungue, na upasuaji wa mara ya pili ni mgumu kuliko wa kwanza kwa sababu ya makovu. Neva iliyobanwa muda mrefu huenda isirudi. Tena mimba haiji kwa tarehe: je, utasubiri kwa muda gani kabla ya kusema sasa basi, twende kwenye mionzi? Ningependa wewe na mume wako mlijadili swali hilo sasa, mkiwa hamjabanwa na tarehe yoyote.

Mama yako ana hekima, na methali yake nimeitumia mara nyingi. Sina hakika kama inafaa hapa. Kusubiri anakokusema daktari wako hakufanani na kumwacha aliyelala. Ni kumkalia macho: MRI kwa ratiba, kwa miaka mingi, kwa sababu uvimbe huu unaweza kurudi baada ya muda mrefu sana. Jiulize kwa ukweli kama wewe ni mtu wa kuishi hivyo. Wapo wanaopiga picha, wakapata majibu, wakaendelea na maisha hadi nyingine. Wapo ambao wiki mbili kabla ya kila picha hawali wala hawalali. Madaktari hawawezi kulipima hilo, na lina uzito sawa na milimita zao. Ukichagua kusubiri, mkubaliane mapema na daktari ni dalili gani zitakurudisha kabla ya tarehe: jicho kuanza tena kuona viwili zaidi, ganzi usoni, sauti kukwaruza, kupaliwa unapokula, ulimi kwenda upande. Na kwa kuwa ulipasuliwa kupitia puani, maji maangavu yakichuruzika puani, hasa ukiinama, au homa ikija na shingo kukakamaa, usisubiri tarehe yoyote. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda maji ya ubongo yanavuja, au maambukizi yamefika kwenye utando wa ubongo.

Umewasikia madaktari wako kila mmoja kwenye chumba chake. Je, wamewahi kukaa pamoja mbele ya picha zako? Hospitali nyingi zinazotibu saratani zina kikao ambapo wapasuaji, wa mionzi, wa picha na wa patholojia hujadili mgonjwa mmoja mmoja. Omba kesi yako ipelekwe huko, na useme waziwazi kwamba unataka mtoto, ili nalo liwekwe mezani pamoja na MRI. Ugonjwa wako ni adimu kiasi kwamba daktari mzuri anaweza kukutana nao mara chache tu kazini mwake. Kuomba maoni ya kituo kinachoutibu mara kwa mara si kumdharau aliyekupasua. Picha na vile vioo vyenye vipande vya uvimbe wako vinaweza kusafiri bila wewe kusafiri.

Nimekuja kwa mume wako mwishoni, si kwa sababu ana uzito mdogo. Nilimsoma kwa huruma, na kwa kero kidogo pia. Mtu anayepiga simu kwa siri na kutafuta pesa usiku mara nyingi ni mtu aliyeshikwa na hofu, akatafuta kitu cha kushika. Mionzi inampa kitu cha kufanya. Kusubiri hakumpi chochote. Je, amewahi kukuambia kwamba anaogopa? Na wewe je, umewahi kumwambia kwamba hofu yako kubwa huenda si kufa, bali kuishi bila mtoto? Barua yako imenifanya nifikiri hivyo, unisahihishe kama nimekosea. Badala ya kuanza na "kichwa hiki ni changu", ambayo ni kweli lakini itamfanya ajitetee, ungemwomba jambo moja dogo linalotekelezeka: "Kuanzia leo usimpigie daktari bila mimi kuwapo. Maswali yako yaandike, tutaenda nayo wote." Hapo hujamfukuza kwenye jambo hili, umempa nafasi ndani yake. Akikataa hata hilo, basi mna mazungumzo mengine ya kufanya, na huenda yakahitaji mtu wa tatu mnayemheshimu wote wawili.

Mama mkwe ni hiari yako. Kumwambia kutazuia maswali ya tumbo, na kunaweza kuleta maswali mapya na washauri wapya. Kutomwambia kunakulinda sasa, lakini ukienda mbali kwa miezi miwili ile hadithi ya sainasi haitatosha. Kuna njia ya katikati: mume wako ndiye amwambie mama yake, kwa maneno machache, kwamba matibabu hayajaisha na kwamba habari za mtoto zisiulizwe kwa sasa. Ni mama yake. Kazi hiyo inamstahili yeye kuliko wewe, na pengine itampa lile la kufanya analolitafuta.

Ukishapata jibu la brakiyuri na la kile kikao, niandikie, hata kama utakuwa umeamua lile ambalo hakuna aliyekutarajia uamue.